Toba Izaayo Tumaini: Uamsho na Kugeuka kwa Mioyo Magharibi mwa Ziwa Viktoria

Usharika unapotimiza miaka mia moja, vitabu vyake hufunguliwa. Huhesabiwa waliobatizwa, waliopata Kipaimara, waliofunga ndoa na waliolala katika Bwana. Hutajwa wachungaji na wainjilisti waliotumika, mwaka wa kuwekwa jiwe la msingi, na wazee waliobeba mawe na matofali kichwani ili kuta zisimame. Hesabu hizo ni za haki, nazo ni shukrani kwa Mungu aliyewalea watu wake. Hata hivyo liko jambo moja ambalo vitabu vya usharika havina safu ya kuliandika, nalo ni toba. Hakuna karani aliyeandika siku ambayo mtu aliyekuwa Mkristo kwa jina miaka mingi aliondoka nyumbani kwake alfajiri kwenda kubisha mlango wa jirani aliyemdhulumu. Bila siku za namna hiyo historia ya Kanisa ingekuwa historia ya majengo tu.

Sura hii inaeleza jinsi mwito wa toba ulivyozifikia sharika za Kilutheri katika nchi ya Buhaya, hasa kwa njia ya Uamsho uliotokea Rwanda na Uganda. Jinsi mwito huo ulivyoleta uhai na pia mafarakano. Na jinsi ulivyojaribiwa vikali karibu na mipaka ya Kagera mwaka 1994. Katika hayo yote swali ni moja: mtu aliyeanguka hupata wapi tumaini? Wengi wamelitafuta katika uzito wa majuto yao, au katika uhodari wa ushuhuda wao. Mafundisho ambayo Kanisa la Kilutheri lilipokea, na maisha ya watu walioyaishi, yanaonyesha mahali pengine.

Urithi wa Matengenezo

Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa wa shirika la Waaugustino na mwalimu wa Maandiko katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, alitoa hoja 95 kuhusu vyeti vya msamaha. Wengi hukumbuka vyeti na fedha, lakini hoja ya kwanza kabisa ilihusu toba. Ndani yake Luther alieleza kwamba Bwana Yesu alipowaita watu watubu, alitaka maisha yote ya waaminio yawe maisha ya toba. Toba haikuwa tena tendo la siku moja ambalo mtu hulilipia, akapewa cheti, kisha akalisahau.

Luther hakulipata fundisho hilo katika utulivu. Alipokuwa mtawa kijana huko Erfurt alikuwa akiungama kwa saa nyingi, akiogopa kwamba ameisahau dhambi fulani na kwamba kwa kuisahau ataangamia. Kadiri alivyojichunguza ndivyo alivyozidi kukata tamaa. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alimwelekeza aache kuyatazama maovu yake peke yake na ayatazame majeraha ya Kristo. Mwaka 1518 Luther alimwandikia Staupitz kumshukuru, akimweleza kwamba alikuwa amefahamu kuwa toba ya kweli huanzia katika kumpenda Mungu, na kwamba neno la Kiyunani linalotafsiriwa toba lina maana ya kugeuka kwa nia. Neno lililokuwa chungu kuliko yote katika Maandiko likawa tamu kwake.

Fundisho hilo liliingizwa katika vitabu ambavyo kila mwanafunzi wa Kipaimara anavijua. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inaeleza kwamba maana ya Ubatizo ni mtu wa kale kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya kuinuka kila siku. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 12, linataja sehemu mbili za toba. Ya kwanza ni dhamiri kushtuka inapoitambua dhambi. Ya pili ni imani inayozaliwa na Injili, iaminiyo kwamba dhambi zimesamehewa kwa ajili ya Kristo, nayo huifariji dhamiri. Matendo mema hufuata kama matunda. Msomaji na aiangalie sehemu ile ya pili, kwa kuwa ndipo tumaini linapokaa. Aliye na sehemu ya kwanza peke yake ana hofu, naye hajafika kwenye toba.

Mbegu ya kwanza

Injili ya Kiprotestanti ilifika Buhaya kabla ya wamisionari wa Kilutheri. Vijana wa Kihaya walioipata Buganda kupitia Waanglikana walirudi na vitabu, wakakusanyika kusoma na kuomba. Mwaka 1910 Ernst Johanssen wa Misioni ya Betheli, aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha kazi ya misioni hiyo nchini Rwanda mwaka 1907, alifika Bukoba na kuikuta mbegu imekwisha kupandwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, Wakristo wenyewe walilishika kundi, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa Andrea Kajerero, ambaye jina lake linakumbukwa kwa heshima mpaka leo. Wamisionari wa Betheli walirejea katika miaka ya 1920.

Kizazi hicho cha kwanza kilijua gharama ya kumfuata Kristo. Kuacha hirizi, kuacha kuwaendea waaguzi na kukataa matambiko ya ukoo kulikuwa ni kujitenga na ndugu wa damu. Katika Buganda na nchi jirani Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji, maana aliyebatizwa alikuwa amejifunza kukisoma Kitabu. Miaka ilipopita, baraka hiyo ilizaa hatari yake. Watoto wa wasomaji walikulia ndani ya Ukristo. Shule ilifungua njia ya kazi, kahawa ilileta fedha, na jina la ubatizo likawa alama ya mtu aliyestaarabika. Mtu aliweza kuwa mwalimu wa dini mchana na usiku akatuma kwa mganga, akashika Meza ya Bwana na huku hasemi na ndugu yake kwa sababu ya mpaka wa kibanja. Hali ya namna hiyo haikuwa ya Buhaya peke yake. Ilionekana kote ambako Kanisa lilikuwa limekua upesi. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya Kanisa yalikuwa yakifichwa chini ya nguo nyeupe za Jumapili.

Moto wa Gahini

Mwito wa kuamka ulitoka jirani. Huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, palikuwa na kituo na hospitali ya misioni ya Kianglikana, ambako daktari Mwingereza Joe Church alianza kazi mwaka 1928. Miaka ile njaa kali iliikumba nchi, na daktari huyo alichoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mkristo wa Kiganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Watu hao wawili walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba, wakitafuta habari za Roho Mtakatifu. Mmoja alikuwa daktari msomi kutoka Ulaya na mwingine alikuwa mwananchi wa nchi iliyotawaliwa. Mbele ya Maandiko walikaa kama wahitaji wawili, na jambo hilo lilikuwa geni katika siku zile.

Habari ya Yosiya Kinuka inaonyesha vizuri Uamsho ulivyokuwa. Kinuka alikuwa mkuu wa wasaidizi katika hospitali ya Gahini, na kazi haikuwa ikienda vizuri. Alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza matatizo ya hospitali na makosa ya watu wa huko. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwonyesha kwamba tatizo la kwanza lilikuwa dhambi iliyokuwa moyoni mwake yeye mwenyewe. Maneno hayo yalimchoma. Katika safari ndefu ya kurudi Rwanda Kinuka alijitoa kwa Kristo, akarudi Gahini akiwa mtu aliye tayari kuungama. Alikuwa ameondoka na mashtaka juu ya wengine, akarudi na ungamo lake mwenyewe. Baadaye alikuwa mchungaji na mmoja wa nguzo za Uamsho.

Ndugu mdogo wa Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alitumika Gahini. Mwaka 1935 alijitenga kwa muda katika kibanda chake ili kuomba, na alipotoka alianza kwa kuomba msamaha kwa wale aliowakosea. Alitayarisha hoja za kupeleka katika sinodi ya Kanisa la Uganda, akiuliza sababu ya ubaridi wa watumishi na akisikitika kwamba walioishi wazi katika dhambi waliendelea kushiriki Meza ya Bwana bila kuonywa. Mwito wake ulikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Alifariki Januari 1936 kwa homa kabla ya kuziwasilisha hoja hizo, lakini mwito wake haukuzikwa naye. Vikundi vya mashahidi vilikwenda sehemu mbalimbali za Uganda, wakafika Kenya mwaka 1937, wakaingia Tanganyika.

Uamsho waingia Buhaya

Mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Uamsho ulifika magharibi mwa Ziwa Viktoria. Chuo cha walimu cha Waanglikana huko Katoke kilikuwa mojawapo ya malango yake. Walimu ndio waliosafiri, na kila mwalimu aliyeguswa alirudi shuleni kwake na kijijini kwake na ushuhuda. Majira yale Kanisa la Kilutheri la Buhaya lilikuwa katika dhiki. Vita vya Pili vya Dunia viliwaondoa tena wamisionari Wajerumani, na Kanisa la Sweden likaja kusaidia. Miongoni mwa waliokuja alikuwa Bengt Sundkler, aliyetumika Bukoba tangu mwaka 1942 hadi 1945, akarudi kuwa askofu wa kwanza wa Kanisa hilo mwaka 1961. Kwa mara nyingine Wakristo wenyeji walilazimika kusimama kwa miguu yao, na katika hali hiyo sauti ya Uamsho ilisikika kwa nguvu.

Waliookoka waliitana ndugu. Walikutana katikati ya juma chini ya mti, shuleni au nyumbani mwa mmoja wao. Walisoma Neno, wakaomba, kisha aliyesukumwa na dhamiri akasimama kueleza alipokuwa ameanguka na jinsi damu ya Yesu ilivyomsafisha. Waliita jambo hilo kutembea nuruni, wakilitegemeza katika Waraka wa Kwanza wa Yohana sura ya kwanza. Mtu akimaliza kuungama, wengine walimpokea kwa wimbo wa sifa wa Kiganda ambao neno lake la kwanza, Tukutendereza, limekuwa salamu ya watu wa Uamsho katika Afrika Mashariki yote.

Ungamo halikuishia kwenye maneno. Kama Zakayo katika Injili ya Luka sura ya 19, aliyechukua alirudisha. Mali ya shule na ya misioni ilirudishwa, madeni yaliyokanwa yalilipwa, na hirizi zilizofichwa zilitolewa na kuchomwa. Mume aliyezoea kuagiza alimwomba mkewe msamaha mbele ya watoto, jambo lililoonekana na wengi kuwa ni aibu. Wahenga wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Watu hao walikwenda mbele zaidi ya methali hiyo, kwa kuwa walivua wenyewe kabla hawajavuliwa.

Nguvu ya jambo hilo iliwafikia na wale waliotengwa kwa rangi. Festo Kivengere wa Kigezi, aliyeokoka mwaka 1941 na ambaye miaka ya baadaye alifundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu nchini Uganda, alimchukia Mzungu mmoja. Baada ya kugeuka kwake alipanda baiskeli akasafiri mwendo mrefu hadi kwa mtu huyo, akamweleza chuki yake na kumwomba msamaha. Nao baadhi ya wamisionari walijifunza kuungama mbele ya Waafrika kiburi chao na hasira yao. Katika nyakati za ukoloni, mahali ambapo mtawala na mtawaliwa waliweza kupiga magoti pamoja palikuwa pachache sana.

Miongoni mwa vijana wa Buhaya walioguswa katika miaka ya 1940 alikuwa Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925. Alikuwa mwalimu, akasomea theolojia Betheli nchini Ujerumani, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, akampokea Sundkler uaskofu mwaka 1964. Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam ulimchagua kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika vyeo hivyo vyote alibaki ndugu miongoni mwa ndugu wa Uamsho. Alifariki mwaka 1988 baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Moto na moshi

Historia ya haki haina budi kueleza pia moshi wa moto huo. Walioamka walianza kuwapima wengine. Mchungaji ambaye hakuwa na ushuhuda wa siku na saa ya kuokoka kwake alihesabiwa kuwa bado yumo gizani, hata kama alikuwa amelilisha kundi miaka mingi. Mtu ambaye machozi yake hayakuonekana alidhaniwa hajatubu. Wengine walitubu mambo ya wenzao kwa kuyataja hadharani. Viongozi wa Kanisa nao mara nyingine waliona kelele tu wasione kilio, wakajibu kwa amri. Huko Mukono, Uganda, mwaka 1941 wanafunzi zaidi ya ishirini wa chuo cha theolojia, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa kwa sababu ya msimamo wao katika Uamsho. Katika Buhaya mivutano ilikuwa mikubwa, na katika miaka ya 1950 baadhi ya watu walijitenga na Kanisa la Kilutheri kabisa.

Swali lililokuwa chini ya mivutano hiyo lilikuwa la maana. Mtu aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga anaitwaje aokoke? Je, Ubatizo wake ulikuwa bure? Waliojibu kwamba Ubatizo unatosha, na kwamba hakuna haja ya kumsumbua mtu, walikuwa wanalilaza Kanisa usingizi. Waliojibu kwamba Ubatizo si kitu mpaka mtu aokoke walikuwa wanaiweka kazi ya mwanadamu mahali pa ahadi ya Mungu. Jibu la urithi wa Kilutheri lilikuwa tayari ndani ya Katekisimo: toba ni kurudi kwenye Ubatizo. Mwana mpotevu wa Luka sura ya 15 alipozingatia moyoni mwake akiwa kati ya nguruwe, hakujitengenezea baba mpya. Alirudi kwa baba aliyekuwa naye tangu mwanzo. Alihitaji kweli kuondoka kule alikokuwa, na hakuna ambaye angeweza kuondoka kwa niaba yake. Lakini nyumba aliyoirudia haikujengwa siku ile ya kurudi kwake.

Kibira aliyafahamu yote mawili. Katika kitabu chake kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichochapishwa mwaka 1974, aliitafakari nguvu ya ukoo katika maisha ya Mhaya na nafasi ya ushirika wa Uamsho kama jamaa mpya ya waaminio. Uzoefu wa sharika zenyewe ulifundisha jambo hilo hilo. Pale ambapo mchungaji alikaa chini pamoja na ndugu, akasikiliza na akaungama yake, Uamsho ulibaki ndani ya Kanisa, ukazaa wainjilisti, wazee wa Kanisa na walimu wa Shule ya Jumapili. Pale ambapo kila upande ulidai mwenzake ndiye atubu kwanza, ushirika ulivunjika. Somo la Kinuka lilihitaji kujifunzwa upya na kila kizazi.

Jaribu la mwaka 1994

Jaribu zito kuliko yote lilitokea katika nchi ile ile ambako moto uliwaka. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku mia moja, Watutsi wa Rwanda na Wahutu waliokataa mauaji waliuawa kwa maelfu kila siku. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya laki nane na milioni moja. Wengi wa wauaji na wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa. Makanisa ambako watu walikimbilia usalama, kama Ntarama na Nyamata, yakawa mahali pa kuuawa. Wapo Wakristo waliokufa kwa sababu ya kuwaficha majirani zao. Wapo pia waliojua nyimbo zote za toba na bado wakashika panga, au wakanyamaza.

Watu wa Kagera hawakuisikia habari hiyo kwa mbali. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. TCRS, huduma ya wakimbizi iliyoanzishwa nchini mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, ilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyohudumu. Katika kambi hizo walikuwamo wasio na hatia na walikuwamo waliomwaga damu, wakipanga mstari mmoja wa chakula. Mto Kagera ulileta miili hadi Ziwa Viktoria. Mkristo aliyekuwa akisimulia kwa furaha jinsi Uamsho ulivyotoka Rwanda alilazimika kujiuliza: ile toba ilikwenda wapi?

Lilikuwa swali la haki, na jibu jepesi halifai. Jambo moja linaonekana wazi. Ungamo lililotaja wizi, ulevi na uzinzi, lakini likaacha chuki ya kabila bila kuitaja, liliacha mlango mmoja wazi, na adui aliingia kwa mlango huo. Mtu anaweza kusafisha vyumba vyote vya nyumba yake na kufunga kwa ufunguo chumba kile ambacho ukoo wake wote umekubali kisifunguliwe. Toba ya mtu binafsi haina budi kufika hadi kwenye dhambi ambazo mtu anazitenda pamoja na watu wake na kupongezwa nao.

Hata hivyo baada ya giza hilo toba ilisikika tena. Desemba 1996 Wakristo Wanyarwanda wa Kihutu na wa Kitutsi, pamoja na Wazungu, walikutana Detmold nchini Ujerumani, mji usio mbali na Betheli ambako misioni iliyofika Bukoba ilikuwa na makao yake. Walitoa tamko la kuungama. Wahutu waliungama maovu yaliyotendwa na watu wa upande wao na kuomba msamaha. Watutsi nao waliungama ya upande wao. Wazungu waliungama jinsi watu wa Magharibi walivyochangia kuwagawa Wanyarwanda na jinsi walivyowaacha wakati wa mauaji. Tamko hilo lilipingwa na baadhi ya watu, kwa kuwa wengi waliona haiwezekani mtu kuungama kwa ajili ya wengine, na wengine waliona makosa hayo hayalingani uzito. Lakini kila kundi lilianza na lake, kama Kinuka alivyojifunza kuanza na lake, na mahali ambapo mashtaka yalikuwa yametawala pakasikika neno la kuomba msamaha.

Tumaini linakaa wapi

Injili zinasimulia habari za wanafunzi wawili waliomkosea Bwana usiku ule ule. Yuda alimsaliti na Petro alimkana. Wote wawili walijuta. Mathayo, katika sura ya 27, anaeleza kwamba Yuda alirudisha hata vile vipande thelathini vya fedha na kukiri kwamba amekosa. Kwa kipimo cha machozi na kurudisha mali, majuto yake hayakuwa madogo. Lakini aliyapeleka kwa makuhani ambao hawakuwa na la kumwambia, kisha akabaki nayo peke yake hadi yakamwua. Petro alilia kwa uchungu, naye hakuwa na fedha ya kurudisha wala maneno ya kujitetea. Lakini alikuwapo kando ya bahari asubuhi ile Bwana aliyefufuka alipowaita wale samaki na mkate. Tofauti yao ni mahali walipopeleka majuto yao. Mtume Paulo anaiita moja huzuni ya dunia na nyingine huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 7.

Hapo ndipo historia ya miaka mia moja inapomrudisha msomaji. Tumaini la mwenye kutubu halikai katika wingi wa machozi yake, maana machozi hukauka. Halikai katika tarehe ya kuokoka kwake, maana Uamsho wenyewe umeonyesha kwamba aliyesimama jana anaweza kuanguka leo. Halikai katika usafi wa Kanisa lake, maana mwaka 1994 umeonyesha jinsi Kanisa linavyoweza kuanguka. Linakaa kwa yule ambaye mwenye kutubu anamrudia, ambaye ahadi yake katika Ubatizo haikuvunjika hata pale mtoto alipoivunja. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuthubutu kuitaja dhambi yake kwa jina. Asiye na pa kurudi huficha. Aliye na baba husema.

Kila Jumapili, kabla ya masomo na mahubiri, usharika husimama na kuungama pamoja, nao hutangaziwa msamaha. Maneno hayo yamesemwa mara nyingi mno, na midomo inaweza kuyasema huku moyo ukiwa umelala. Waliotangulia katika Uamsho waliyapa uzito kwa kuyaongezea safari: safari ya kwenda kwa jirani, kwa mke, kwa mdeni, kwa adui. Njia ya kwenda kwa mchungaji kuungama faraghani nayo haikufungwa kamwe katika Kanisa la Kilutheri, na ibara ya 11 ya Ungamo la Augsburg inaagiza iendelee kutunzwa. Vijana wanaolelewa katika karne ya pili ya usharika wanayo majaribu ambayo babu zao hawakuyajua, lakini mlango ni ule ule.

Vitabu vya usharika vitafungwa tena baada ya sherehe, na karani ataendelea kuandika majina na tarehe kama ilivyo wajibu wake. Toba itaendelea kukosa safu yake. Lakini Injili ya Luka, katika sura ya 15, inashuhudia kwamba iko furaha mbinguni kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja anayetubu. Kumbe hesabu hiyo ilikuwa ikitunzwa mahali pengine miaka yote mia moja, na haikosi hata jina moja. Utukufu ni wa Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.